Koitalel arap Samoei: Aliyewekwa juu ya binadamu, akauawa kama windo

JINA la Samoei si geni masikioni mwa Wakenya. Ni mojawapo ya majina ya William Kipchirchir Samoei arap Ruto, aliyeapishwa kuwa rais Septemba 2022 na ambaye boma lake la Sugoi, Kaunti ya Uasin Gishu, limepokea wanasiasa, viongozi wa dini na wajumbe wa kila namna. Hata hivyo, zaidi ya karne moja kabla ya jina hilo kuingia Ikulu, lilibebwa na mtu aliyeuawa kwa risasi katika kilima cha Ket Parak, Nandi, akiwa amekwenda kuzungumzia amani.

Mtu huyo ni Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, aliyekuwa mhimili wa upinzani dhidi ya Waingereza kwa takriban miaka 10 hadi kifo chake Oktoba 19, 1905. Vitabu vya shule humtaja kama shujaa aliyeipinga reli. Sifa hiyo anaistahili, lakini haitoshi kukieleza kisa chake. Tangu ujana wake hadi baada ya kufa, Koitalel hakuwahi kuhesabiwa kuwa mtu wa kawaida. Watu wake walimweka juu ya binadamu wengine kwa kuamini kwamba alizaliwa na uwezo ambao wao hawakujaliwa. Wageni waliokuja kuitwaa nchi yao walimweka chini ya binadamu, wakamtendea kama windo la porini.

Maisha yake yanazua suala ambalo wanafalsafa, wanasheria na wanasayansi wanalijadili upya katika karne hii. Ni kitu gani kinachompa kiumbe haki ya kuheshimiwa na kutodhuriwa? Je, ni akili yake, nguvu zake, nasaba yake, au ni kule kuwa mtu tu?

Ukoo wa simba

Koitalel alizaliwa karibu mwaka 1860 katika ukoo wa Talai. Inasimuliwa kwamba asili ya ukoo huo ni malaiboni wa Wamaasai, yaani waganga na watabiri wakuu, na kwamba Wanandi waliwapokea na kuwapa nafasi ya pekee katika karne ya 19.

Kila ukoo wa Wanandi ulikuwa na mnyama wake wa mwiko. Wengine walikuwa na ndovu, wengine nyuki, wengine fisi. Wa Talai alikuwa simba. Mtu hakuruhusiwa kumuua wala kumdhuru mnyama wa ukoo wake, kwa kuwa kati yao palikuwa na uhusiano uliokaribia undugu.

Mipaka kati ya binadamu na mnyama haikuwa ukuta. Afisa Mwingereza A. C. Hollis, aliyechapisha kitabu kuhusu Wanandi mwaka 1909, alieleza kwamba nyoka aliyeingia nyumbani na kupanda kitanda cha mwanamke hakuuawa, bali alimwagiwa maziwa, kwa kuwa aliaminiwa kuwa roho ya mhenga. Fisi nao waliheshimiwa kwa kuaminiwa kwamba walizungumza na wafu. Maiti nyingi hazikuzikwa, bali ziliachwa nje fisi wazichukue.

Adui naye alikuwa na hadhi yake. Mpiganaji aliyemuua mtu wa kabila jingine alijipaka rangi nyekundu upande mmoja wa mwili na nyeupe upande wa pili. Kwa siku nne alihesabiwa kuwa na unajisi, hakuruhusiwa kurudi nyumbani, akaishi peke yake katika kibanda kando ya mto hadi alipotakaswa kwa dawa. Wanandi hawakuwa watu wa kuogopa vita, na uvamizi wa mifugo ulikuwa sehemu ya maisha yao. Lakini hata katika vita walikubali kwamba kuitoa roho ya mtu, awe mgeni au adui, ni jambo linalomwachia muuaji doa.

Juu ya ngazi hiyo ya viumbe aliketi Orkoiyot. Hakuwa mfalme wala chifu kwa maana iliyoeleweka na Waingereza. Maamuzi ya kila siku yalifanywa na mabaraza ya wazee, na mabaraza ya vita yaliyoitwa pororiet yalikuwa na viongozi wake. Orkoiyot aliwakilishwa humo na wajumbe wake, akaombwa baraka kabla ya uvamizi, akapewa sehemu ya ng'ombe walioletwa. Aliaminiwa kuwa na uwezo wa kuona yajayo, kuleta mvua na kuharibu mipango ya adui.

Kwa sababu hiyo alizungukwa na miiko mingi. Hakuna aliyemkaribia akiwa na silaha mkononi. Hakuna aliyezungumza mbele yake kabla ya kusemeshwa. Mwiko mkubwa kuliko yote ulihusu kichwa chake. Haikuruhusiwa mtu yeyote kukigusa, kwani ilihofiwa kwamba uwezo wa kutabiri ungemtoka.

Kifo cha baba

Koitalel alijifunza mapema kwamba heshima ya namna hiyo ina gharama. Baba yake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa Orkoiyot kabla yake. Anakumbukwa kwa utabiri kwamba wageni weupe wangefika, na kwamba nyoka wa chuma angetambaa kutoka upande wa mashariki akipumua moto na moshi hadi kwenye ziwa la magharibi kukata kiu.

Karibu mwaka 1890 mambo yalimharibikia Kimnyole. Wapiganaji wengi waliangamia katika uvamizi uliopata baraka zake, na maradhi yakawaandama watu na mifugo. Wanandi walimtwisha lawama, kisha wakampiga kwa marungu hadi akafa.

Tukio hilo lafaa kutazamwa bila haya. Watu walioamini kwamba Kimnyole alikuwa na uwezo kupita binadamu ndio waliomuua, na walimuua kwa sababu ya imani hiyo hiyo. Mkulima ambaye mvua imemkosa huhurumiwa. Anayeaminiwa kuishika mvua mkononi huulizwa kwa nini ameizuia. Aliyepandishwa juu ya wenzake hunyimwa haki moja kubwa waliyo nayo, nayo ni haki ya kushindwa.

Baada ya kifo hicho palizuka mvutano wa urithi kati ya Koitalel na ndugu yake Kipchomber arap Koilegen, kila mmoja akiwa na wafuasi wake. Kufikia mwaka 1895 Koitalel alikuwa ameshika nafasi hiyo, naye Kipchomber akahamia kwa Wakipsigis na kuwa Orkoiyot wao.

Nyoka wa chuma

Mwaka huo huo wa 1895 Uingereza ilitangaza utawala wake juu ya eneo la Afrika Mashariki, na mfanyabiashara Mwingereza aliyeitwa West akauawa na Wanandi. Msafara wa kijeshi ulitumwa kulipiza kisasi. Ulifuatwa na mingine mwaka 1897, 1900, 1903 na hatimaye 1905.

Baina ya misafara hiyo reli iliendelea kujengwa, ikafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Wanandi waliwavamia waliohusika na ujenzi, wakachukua nyaya za telegrafu kutengeneza mapambo na vyuma vya reli kuunda silaha. Kwa serikali ya kikoloni huo ulikuwa wizi na uasi. Kwa Wanandi, nyoka aliyetabiriwa na Kimnyole alikuwa amefika, na kumng'oa magamba halikuwa kosa.

Haijulikani wazi ni vitendo vingapi kati ya hivyo viliamriwa na Koitalel mwenyewe. Mfumo wa Wanandi haukumpa mtu mmoja amri juu ya kila mkuki. Waingereza, hata hivyo, waliozoea kutafuta mfalme katika kila nchi waliyoingia, walikata kauli kwamba yeye ndiye kichwa cha upinzani, na kwamba kichwa kikiondolewa mwili ungeanguka.

Wakati huo huo nyanda za Uasin Gishu, ilipo Sugoi ya leo, zilikuwa zikigawanywa mbali na macho ya waliozitumia kwa malisho. Mwaka 1903 Uingereza ilipendekeza kwamba Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya wapewe makao huko. Ujumbe wao ulizuru eneo hilo mwanzoni mwa 1905, na kongamano lao lililofanyika Basel mwaka huo likalikataa pendekezo hilo. Walowezi wa Kiburu kutoka Afrika Kusini walifika mwaka 1908, na mji uliokua kati ya mashamba yao ukapewa jina la Eldoret mwaka 1912. Katika mipango yote hiyo ardhi ilihesabiwa kuwa tupu. Ili ardhi yenye watu ionekane tupu, ni lazima kwanza watu wake waondolewe katika hesabu ya watu.

Mwindaji na orodha zake

Mtu aliyetumwa na historia kukutana na Koitalel alikuwa Richard Meinertzhagen, afisa kijana wa kikosi cha King's African Rifles. Alikuwa askari, lakini alikuwa pia mwindaji na mpenzi mkubwa wa elimu ya wanyama.

Mwaka 1904 mwanasayansi Oldfield Thomas wa jumba la makumbusho ya viumbe jijini London alitangaza aina mpya ya mnyama kwa kutumia ngozi na fuvu vilivyopelekwa na afisa huyo, fuvu likiwa limetoka katika misitu ya Nandi karibu na Kaimosi. Alikuwa nguruwe mkubwa wa msituni, mwenye manyoya meusi, ambaye Wazungu walikuwa hawajamwandika vitabuni. Alipewa jina la kisayansi la Hylochoerus meinertzhageni. Wenyeji wa misitu hiyo walimjua mnyama huyo tangu zamani, lakini aliyemuua na kupeleka fuvu lake ng'ambo ndiye aliyepata heshima ya jina.

Enzi hiyo ilipenda kuorodhesha. Mei 1900 mataifa ya Ulaya yaliyokuwa na makoloni Afrika yalitia saini jijini London mkataba wa kuwahifadhi wanyama wa mwituni. Twiga, sokwe na gorila waliwekwa katika kundi la wasioruhusiwa kuuawa kabisa. Simba, chui, fisi na mamba waliwekwa katika kundi la wanyama waharibifu ambao idadi yao ilifaa kupunguzwa. Mkataba huo haukuwahi kutekelezwa kikamilifu, lakini sheria za uwindaji za makoloni zilifuata mkondo wake.

Hivyo basi, mnyama ambaye ukoo wa Koitalel haukuthubutu kumgusa aliandikwa London kuwa kiumbe cha kupunguzwa. Miaka mitano baadaye zamu ikamfikia Koitalel mwenyewe. Hakuna mkataba uliomworodhesha yeye na watu wake, lakini fikra ilikuwa ile ile. Anayeandika orodha ndiye huamua nani ahifadhiwe na nani apunguzwe, naye hajiandiki kamwe katika orodha hiyo.

Mkutano wa Ket Parak

Kufikia Oktoba 1905 msafara mkubwa kuliko yote ulikuwa umeandaliwa dhidi ya Wanandi, wenye zaidi ya askari 1,000 pamoja na wapiganaji wa Kimaasai. Kabla haujaanza kazi, Meinertzhagen aliomba kukutana na Koitalel kwa mazungumzo ya amani.

Walikutana asubuhi ya Oktoba 19. Koitalel alifika na kundi dogo la wafuasi. Meinertzhagen alijitokeza na askari wachache, huku wengine wakiwa wamejificha karibu, silaha tayari. Kilichotokea baadaye kimesimuliwa kwa namna mbili. Afisa huyo alidai kwamba Koitalel alikusudia kumuua, kwamba alimvuta alipompa mkono, na kwamba risasi zilifyatuliwa kwa kujihami. Masimulizi ya Wanandi yanasema Orkoiyot alikuja na majani mkononi, ambayo kwao ni ishara ya amani, akauawa alipokuwa akinyoosha mkono kusalimia. Wafuasi wake walianguka pamoja naye.

Mabaraza matatu ya uchunguzi wa kijeshi hayakumpata Meinertzhagen na hatia. Hata hivyo, maafisa wenzake hawakuridhika, na mwaka 1906 aliamriwa kuondoka Afrika Mashariki. Aliishi hadi 1967 akiwa na sifa kubwa ya mtaalamu wa ndege. Baada ya kifo chake sifa hiyo ilimomonyoka. Wanasayansi waliochunguza mikusanyo yake katika miaka ya 1990 waligundua kwamba aliiba sampuli za ndege kutoka makumbusho na kuzibandika maelezo ya uongo kuhusu mahali alipozipata. Shajara zake, ambazo sehemu inayohusu Kenya ilichapishwa mwaka 1957, nazo zimetiliwa shaka. Mtu aliyesema uongo kuhusu ndege waliokufa hawezi kuaminiwa kwa wepesi kuhusu mtu aliyemuua.

Baada ya kifo cha Koitalel upinzani ulivunjika katika muda wa miezi michache. Mamia ya Wanandi waliuawa, maelfu ya ng'ombe, kondoo na mbuzi yakachukuliwa, na waliosalia wakasukumwa katika eneo walilotengewa, mbali na reli.

Wazee wa Nandi wameshikilia kizazi baada ya kizazi kwamba kichwa cha Koitalel kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Fimbo zake za uongozi nazo zilichukuliwa na Meinertzhagen. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, basi kile kichwa ambacho hakuna Mnandi aliyethubutu kukigusa kilisafirishwa kwa njia ile ile iliyopitishwa fuvu la nguruwe wa Kaimosi.

Ukoo uliohukumiwa

Dhuluma haikuishia Ket Parak. Wakoloni waliosema kwamba unabii wa Talai ni ushirikina mtupu waliendelea kuuogopa kana kwamba ni kweli. Mwanawe Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikuwa Orkoiyot kuanzia mwaka 1919. Mwaka 1923 ilipangwa sherehe ya Saget ab eito, ambapo fahali mweupe alichinjwa na uongozi wa nchi ukakabidhiwa rika jipya la wapiganaji. Serikali iliona humo njama ya uasi, ikaipiga marufuku na kumkamata Barsirian. Alikaa kizuizini hadi mwaka 1964, na sehemu ya miaka hiyo aliipitisha katika kisiwa cha Mfangano. Zaidi ya miaka 40 ilimpita humo, na anatajwa kuwa mfungwa wa kisiasa aliyefungiwa kwa muda mrefu zaidi katika historia ya Kenya. Alifariki mwaka 1974.

Mwaka 1934 serikali ilipitisha sheria maalumu ya kuwaondoa malaiboni. Chini ya sheria hiyo, watu wa Talai waliokuwa miongoni mwa Wakipsigis, takriban 700, wakiwemo wanawake na watoto, walihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, katika Kaunti ya Homa Bay ya leo, eneo lililokuwa na malaria na mbung'o. Wengi wao hawakurudi hadi karibu na wakati wa uhuru. Talai wa Nandi nao walikusanywa Kapsisiywa.

Mtoto aliyezaliwa Gwassi hakuwa amemdhuru mtu wala kutabiri lolote. Kosa lake lilikuwa damu yake. Huo ndio upande wa pili wa kumwona mtu kuwa zaidi ya mtu. Anayesifiwa kwa uwezo wa kuzaliwa nao anaweza kuadhibiwa kwa uwezo huo huo, yeye na wanawe, bila kesi. Hata miongoni mwa majirani zao, heshima kwa Talai ilichanganyika na hofu, na hofu haichelewi kuzaa ubaguzi.

Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliamua kwamba Wakipsigis na Talai walitendewa dhuluma za kihistoria. Mwaka 2022 wawakilishi wao waliwasilisha malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mfalme Charles alipozuru Kenya kati ya Oktoba na Novemba 2023, Wanandi walimtaka awezeshe kurejeshwa kwa fuvu la Koitalel. Mfalme alieleza majuto yake kuhusu ukatili wa enzi ya ukoloni, lakini hakuomba msamaha rasmi, na fuvu halikuja.

Fimbo tatu ndizo zilizorudi. Zilikabidhiwa mwaka 2006 na mwana wa Meinertzhagen, na kwa ajili ya kumbukumbu ya Koitalel pamejengwa kaburi la heshima na makumbusho katika mji wa Nandi Hills.

Funzo la Mkwawa

Kisa hiki kina ndugu yake ng'ambo ya mpaka. Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyepigana na Wajerumani, alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliamuru lirudishwe, lakini ilichukua hadi mwaka 1954 kwa Gavana Edward Twining kulipata katika makumbusho ya Bremen na kulikabidhi kwa Wahehe. Linahifadhiwa Kalenga, karibu na Iringa.

Mafuvu hayo hayakuchukuliwa kwa chuki peke yake. Yalichukuliwa pia kwa jina la elimu, yapimwe ili kuthibitisha kwamba jamii za binadamu zina madaraja. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, na kwa kutumia vinasaba wakaweza kuwatambua jamaa walio hai nchini Tanzania wa baadhi ya watu hao. Kilichokuwa na nambari kabatini kikawa babu wa mtu.

Swali lililosalia

Ngazi ya viumbe aliyoijua Koitalel imepangwa upya mara nyingi tangu kifo chake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikaweka adhabu zinazofikia kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kuangamia. Simba aliyeitwa mharibifu mwaka 1900 sasa analindwa na dola. Mnyama ni yule yule, ila mwenye kalamu amebadilika.

Wakati huo huo, binadamu ameanza kujitengenezea uwezo ambao zamani aliusubiri kutoka kwa mizimu. Novemba 2018 mwanasayansi wa China He Jiankui alitangaza kuzaliwa kwa watoto pacha ambao jeni zao zilihaririwa wakiwa bado viini tete, kitendo kilichomfanya afungwe miaka mitatu. Nandi kwenyewe, Eliud Kipchoge, mzaliwa wa Kapsisiywa, alikimbia mbio za masafa ya marathoni jijini Vienna Oktoba 2019 kwa muda wa saa 1:59:40. Dunia ilishangilia, kisha ikaanza kubishana kuhusu viatu vyake, na miezi michache baadaye shirikisho la riadha duniani likaweka kikomo cha unene wa soli. Swali lililoulizwa kuhusu miguu ya mwanariadha huenda siku moja likaulizwa kuhusu ubongo, macho na damu: mtu akiongezewa uwezo, je, anaongezewa pia haki? Na ambaye hakuongezewa, je, anapungukiwa?

Wapo wanaofikiri kwamba viumbe wenye uwezo mkubwa watastahili hadhi kubwa zaidi, kama vile binadamu anavyojipa hadhi juu ya ng'ombe. Ukoo wa Talai ungeweza kuwajibu. Kimnyole aliuawa na watu wake kwa sababu waliamini alikuwa na uwezo. Koitalel aliuawa na wageni kwa sababu waliuhofia uwezo huo. Barsirian alipoteza miaka 40, na watoto wa Gwassi walipoteza makwao, kwa kuwa walidhaniwa kuurithi. Katika vizazi vyote hivyo, kuhesabiwa zaidi ya binadamu hakukumkinga hata mmoja wao. Ambacho kingewakinga ni kitu kidogo zaidi na cha kawaida zaidi, nacho ni utu ambao kila mtu anao, nabii na asiye nabii, na ambao desturi ya Wanandi wenyewe iliutambua ilipomtenga muuaji siku nne kando ya mto, hata kama aliyeuawa alikuwa adui.

Wanandi wanaodai fuvu la Koitalel hawadai lirudi likatabiri mvua. Wanadai mtu wao, ili azikwe mahali wajukuu wake wanapoweza kupaonyesha kwa kidole. Dai hilo halihitaji kuthibitishwa kwa miujiza.